Mkono uliovimba baada ya upasuaji wa titi: tuliyojifunza kuhusu limfu

Sweta ndiyo iliyotangulia kusema. Ilikuwa Juni, miezi saba baada ya upasuaji wa saratani ya titi, na Mbeya ilishaingia kwenye baridi yake ya kuvaa nguo mbilimbili. Mkono wa kulia wa shangazi ukapita vizuri. Wa kushoto, upande ule alikotolewa titi pamoja na tezi za kwapani, ukakwama juu ya kiwiko. Akasema sufu imejikunja kwa kufuliwa. Wiki mbili baadaye bangili ikagoma kuvuka kiganja, na kila jioni mkono ukawa mzito kana kwamba amebeba ndoo kutwa nzima. Haukuuma. Kwa kuwa haukuuma, tulisubiri.

Yafuatayo ni habari za mkono huo kwa miaka miwili. Miezi mitatu ya mwanzo tuliipoteza yote kwa kutojua jambo moja: limfu, yale majimaji yanayotoka kwenye nyama kurudi kwenye damu, haitii nguvu. Kila tulipoukanda kwa nguvu, tukauchoma kwa maji ya moto au kuukaza kwa bandeji, mkono uliongezeka. Ulianza kupungua tulipojifunza kuugusa kidogo na kurudia kila siku.

Anayefahamu mashamba ya mpunga ya Mbarali anajua kuna mfereji unaoleta maji na mwingine unaoyatoa jarubani. Wa kuleta ukiziba, kelele husikika siku hiyohiyo. Wa kutoa ukiziba, maji hutuama polepole, mizizi huoza, na mwenye shamba hugundua akiwa amechelewa. Mwilini damu ndiyo mfereji wa kuleta. Kutoka kwenye mishipa midogo kabisa, majimaji huvuja na kulisha nyama, kisha sehemu hurudi. Kila siku lita 2 hadi 4 hivi hubaki nje, zikiwa na protini ambazo ni kubwa mno kurudi zilikotoka. Hayo ndiyo yanayochukuliwa na mishipa ya limfu, na yakishaingia humo huitwa limfu.

Mkononi, mingi ya mishipa hiyo huanzia ndani ya ngozi. Kuta zake ni nyembamba, zimejengwa kwa seli zilizolaliana kingo kama vigae vya paa, na kila ukingo umefungwa kwa vijinyuzi kwenye nyama iliyo jirani. Ngozi ikivutwa kidogo, vijinyuzi hukaza, milango hufunguka, maji huingia. Ukibonyeza kwa nguvu, mshipa wenyewe hulala bapa na hakuna kinachopita. Hilo peke yake lingetutosha kuacha tuliyoyafanya Juni na Julai.

Limfu haina moyo wa kuisukuma. Mishipa mikubwa ina misuli kwenye kuta na vali zinazozuia kurudi nyuma, lakini hutegemea pia misuli ya mkono inapokaza na kulegea, na pumzi inayovuta kutoka kifuani. Njiani hupita kwenye tezi. Mwili mzima una tezi kama 600, na kwapa moja hubeba kama 20 hadi 30. Mwisho wa safari ni mrija mkuu wenye urefu wa karibu sentimita 40, unaopanda kando ya uti wa mgongo na kumwaga kwenye mshipa wa damu nyuma ya mtulinga wa kushoto. Mkono wa kulia, pamoja na upande wa kulia wa kichwa na kifua, una mrija wake mfupi upande huohuo.

Sasa tezi zenyewe. Mkulima yeyote aliyewahi kujikata mguu kwa jembe anaujua mtoki unaotokea kinenani siku mbili tatu baadaye. Mtoki ni tezi ya limfu iliyo kazini. Seli za doria zinazoishi kwenye ngozi huokota vipande vya vijidudu, husafiri navyo ndani ya limfu hadi kwenye tezi, na huko huvionyesha kwa seli nyeupe zinazopita, moja baada ya nyingine, hadi apatikane anayekitambua kipande hicho. Huyo huanza kujigawa kwa wingi, na tezi hutuna. Seli nyeupe ziitwazo seli B hugeuka na kutoa kingamwili, yaani protini zinazokinasa kijidudu. Nyingine, ziitwazo seli T, husaidia kuziamuru zilizobaki au huua seli zilizokwisha kuambukizwa. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa mwilini mwa mtu ambaye hajawahi kukutana na kijidudu hicho, na huenda haraka zaidi kwa aliyewahi. Wakati huohuo seli walaji ndani ya tezi humeza vijidudu vilivyobebwa na maji, kabla havijafika kwenye damu.

Shangazi alipoambiwa tezi zake za kwapa zimetolewa alielewa kwamba kinga yake imetolewa, akaacha kwenda misibani na kanisani akiogopa watu wanaokohoa. Hakuna aliyemsahihisha, na hilo linatuuma hadi leo. Seli za kinga huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, seli T hukomaa kwenye tezi ya thaimasi nyuma ya mfupa wa kifua, bandama huchuja damu, na mamia ya tezi nyingine yangali mahali pake. Dawa za saratani ndizo zinazoweza kushusha seli nyeupe za mwili mzima kwa muda. Kutolewa tezi za kwapa moja kunaathiri hasa eneo lililokuwa likimwagia humo: mkono huo, na kifua na mgongo vya upande huo. Eneo hilo taarifa zake hufika zikiwa zimechelewa, na maji yaliyotuama yenye protini ni chakula kizuri cha bakteria.

Makosa yetu tutayataja moja moja, maana tumeshaona nyumba nyingine mbili zikipita njia hiyohiyo.

La kwanza lilikuwa kukanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, kwa taulo. Joto hupanua mishipa ya damu, maji mengi zaidi huingia mkononi, na mtaro wa kuyatoa umeziba. Kwa nyanda za juu jambo hili ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu Juni na Julai kila mtu hukaa kando ya jiko la mkaa. Shangazi alikuwa akiukaribisha mkono huo kwenye jiko kwa makusudi, upate nafuu. Siku hizi hukaa jiko likiwa kuliani kwake.

La pili ni chuku na chale. Mzee mmoja wa jirani, kwa nia njema kabisa, alisema damu chafu imekusanyika. Alichanja mara sita kwenye kigasha na kuumika. Hakukuwa na damu chafu. Kulikuwa na limfu, na sasa kulikuwa na milango sita ya bakteria kwenye ngozi isiyo na ulinzi wa karibu. Wapo waliosema shangazi amerogwa. Maneno hayo yalimnyima usingizi kuliko uvimbe wenyewe.

La tatu, vidonge vya kukojoza, tulivyonunua dukani bila kuandikiwa. Vidonge hivyo huondoa maji na chumvi kwenye damu kupitia figo, na protini zilizobaki kwenye nyama huyavuta maji upya. Alikojoa usiku kucha, akapata kizunguzungu, na mkono ukabaki ulivyokuwa. Anayevitumia kwa moyo au shinikizo la damu asiviache kwa kusoma haya. Tunasema tu kwamba si dawa ya uvimbe wa limfu.

La nne ni bandeji ya krepu, ile inayovutika sana, iliyokazwa juu ya kiwiko. Bandeji ya namna hiyo huendelea kubana hata mtu akiwa amelala, hujikunja na kuwa kamba, na kilicho chini ya kamba huvimba. Vidole vilikuwa kama ndizi kufikia asubuhi.

Katikati ya Agosti, usiku, akaanza kutetemeka. Homa ilipanda ndani ya saa mbili. Tukafikiri malaria, kipimo kikatoka hakuna, akapewa dawa ya maumivu tukarudi nyumbani. Hakuna aliyemvua sweta. Asubuhi mkono ulikuwa mwekundu kutoka kwenye chale hadi karibu na bega, wa moto, unaong'aa. Ni maambukizi ya ngozi na nyama iliyo chini yake, ambayo mara nyingi huletwa na bakteria aina ya streptokoka, na kwenye mkono wa limfu huenda kwa kasi. Alilazwa siku tano kwa antibiotiki ya mshipa. Kila shambulio huharibu mishipa zaidi, na mishipa iliyoharibika hukaribisha shambulio jingine.

Kwa hiyo mwenye mkono au mguu wa namna hii akipata homa ya ghafla, vueni nguo mwangalie ngozi kabla ya jambo jingine. Chora ukingo wa wekundu kwa kalamu na uandike saa. Nendeni siku hiyohiyo, na semeni mkisharuhusiwa kuingia tu: "alitolewa tezi za kwapani". Maneno hayo hubadilisha uchunguzi wote. Hata bandeji sahihi na mguso mwepesi tutakaoueleza chini visimame hadi homa ishuke na dawa ianze kufanya kazi.

Baada ya hapo ndipo tulipopelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kabla ya kugusa chochote daktari alitaka kipimo cha ultrasaundi, kwa sababu mkono unaovimba baada ya saratani unaweza pia kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa, au saratani iliyorudi kwapani. Msiruke hatua hii, hasa uvimbe ukija ghafla au ukiwa na maumivu.

Kifaa cha kwanza tulichoambiwa tununue ni futi ya fundi cherehani. Unaanzia kwenye kifundo cha mkono, unaweka alama kila sentimita 4 hadi kwapani, unapima mzunguko bila kukaza, mikono yote miwili, saa ileile ya siku. Tofauti ya sentimita 2 mahali popote kati ya mkono na mwenzake ni sababu ya kwenda kuonwa. Wa shangazi ulikuwa na tofauti ya sentimita 3 na nusu chini ya kiwiko. Ukitaka ujazo, chukua mizunguko miwili inayofuatana: zidisha kila mmoja kwa wenyewe, kisha zidisha mmoja kwa mwingine, jumlisha hizo namba tatu, zidisha kwa 4, gawa kwa 37.7. Kipande chenye mzunguko wa 20 chini na 22 juu hutoa mililita 140 na kidogo. Jumlisha vipande vyote, linganisha mikono. Laiti tungepima kabla ya upasuaji; mikono ya mtu hailingani kwa asili, na kipimo cha awali ndicho kinachosema ukweli.

Mtaalamu alibonyeza mkono wa shangazi kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Akajaribu kubana ngozi ya mgongo wa kidole cha kati mzizini. Ngozi ikainuka, ingawa kwa shida. Ikishindwa kabisa kuinuka, nyama imeshaanza kuwa ngumu, maana protini zikikaa sana huamsha uvimbeuchungu, yaani mwili hujibu kana kwamba umejeruhiwa, na kovu, na baadaye mafuta hujaa. Mwanzoni uvimbe hushuka mtu akiinua mkono usiku kucha. Hatua inayofuata haushuki tena. Shangazi alikuwa amevuka mpaka huo katika miezi ile mitatu.

"Mama, mkono huu usikandwe kama unga wa chapati," mtaalamu alimwambia. "Isogeze ngozi tu, kisha iachie."

"Mwanangu, huko si kupapasa?"

"Ndiyo, mama. Kupapasa kwa mpango."

Mpango ni kuanzia mwisho wa mfereji. Kwanza pumzi tano za tumboni. Kisha miduara midogo juu ya mitulinga, pande zote mbili, mara kumi. Kisha kwapa la kulia lililo zima, na kinena cha kushoto, kwa sababu huko ndiko maji yatakakopelekwa kwa kuwa kwapa la kushoto limefungwa. Ndipo unasogeza ngozi ya kifua kutoka kushoto kwenda kulia, na ubavu kutoka kwapani kwenda kinenani. Mkono huja mwisho: sehemu ya juu kwanza, kisha kigasha, kisha kiganja, halafu unarudi kwa njia hiyohiyo. Dakika 20. Ngozi ikiwa nyekundu umebonyeza sana. Anayeanzia vidoleni na kusukuma juu anapeleka maji kwenye tope. Hata hivyo, tukilazimika kuchagua kimoja, tungeacha kupapasa huko na kubaki na bandeji; hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Bandeji sahihi ni ile inayovutika kidogo. Mtu akitulia inabana kidogo. Misuli ikifanya kazi, inakuwa ukuta ambao misuli inasukumia, na limfu inakamuliwa. Ngozi huoshwa, hukaushwa hadi katikati ya vidole, hupakwa losheni isiyo na manukato. Kisha soksi ya pamba ya kuvalia mkononi, kisha shashi kwenye kila kidole na gumba, kisha pamba ya kutandika hadi kwapani, ikiwa nene zaidi kwenye kikunjo cha kiwiko. Bandeji yenye upana wa sentimita 6 hufunga kiganja, ya 8 huanzia kifundoni, ya 10 hupanda hadi kwapani, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliopita. Mvuto uwe uleule toka mwanzo hadi mwisho. Chini kuwe na tabaka nyingi zaidi. Bonyeza ukucha: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ganzi, ubaridi au rangi ya bluu, fungua mara moja.

Alifungwa karibu saa 23 kwa siku, wiki tatu, akifanya mazoezi humohumo ndani ya bandeji: kukunja ngumi, kukunja kiwiko, kuzungusha bega, mara kumi kila moja, asubuhi na jioni. Tofauti ya chini ya kiwiko ikashuka hadi sentimita 1 na nusu. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Alilia kwa mwasho, akashindwa kufunga kitenge mwenyewe, na kulisha wageni ikawa kazi ya wengine. Nyumba isiyo na mtu wa kumfunga kila siku inahitaji kupanga hilo kabla ya kuanza.

Pesa: bandeji hufuliwa na kutumika tena, hivyo si hizo zilizotuumiza. Nauli, siku za kazi zilizopotea na kulazwa kule kwa Agosti ndivyo vilivyokula akiba, ukijumlisha na vile vidonge na chuku.

Baada ya bandeji huja soksi ya mkono, ya kubana kwa kipimo, kwa kawaida milimita 20 hadi 30 za zebaki. Huvaliwa asubuhi kabla ya kuanza kazi na kuvuliwa usiku. Nunueni mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Ifuliwe kwa mkono, isikamuliwe kwa kusokota, ianikwe kivulini. Ikiacha alama ya mstari juu au kuvimbisha kiganja, kipimo si chake.

Shambani alirudi. Tulimkataza mwanzoni, na tulikosea. Utafiti wa Kathryn Schmitz na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 katika New England Journal of Medicine, uliwafuatilia wanawake wenye uvimbe huu walionyanyua uzito kwa kuongeza kidogokidogo wakiwa wamevaa soksi. Mikono yao haikuvimba zaidi, na vipindi vya kuzidiwa vilipungua. Siri iko kwenye kuongeza kidogo. Kuchimba viazi siku nzima baada ya miezi ya kukaa ni hatari. Nusu saa leo, dakika 40 wiki ijayo, ni dawa. Glavu zivaliwe kwenye kupalilia, kuchuma chai na kumenya ndizi. Mchubuko uoshwe kwa sabuni na maji papo hapo. Mjukuu asibebwe kwa mbeleko inayopita kwapa hilo. Mkoba ukae bega la pili. Sindano na kipimo cha presha vipelekwe mkono wa pili ikiwezekana. Tafiti za karibuni zinaonyesha hatari yake ni ndogo kuliko ilivyohofiwa, hivyo kwenye dharura mhudumu asizuiwe.

Safari ya kliniki Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwenye basi. Soksi ivaliwe kabla ya kupanda, ngumi ikunjwe kila nusu saa, na Makambako na Iringa ashuke atembee, hata kama haendi msalani.

Kwa aliye bado hajafanyiwa upasuaji, kuna swali la kumuuliza daktari: je, inawezekana kuchunguza kwanza tezi moja au chache zinazotangulia kupokea limfu ya titi, badala ya kutoa za kwapa zima? Wanaotolewa tezi za kwapa, takriban mmoja kati ya watano hupata uvimbe huu. Kwa wanaochunguzwa tezi chache tu ni kama mmoja kati ya ishirini. Saratani ikiwa imeshafika kwenye tezi huenda hakuna hiari, na maisha yanatangulia mkono. Lakini swali liulizwe.

Soksi ya sasa imeanza kulegea, maana hudumu kama miezi sita. Vipimo vya mpya tutavichukua alfajiri, mara tu baada ya kufungua bandeji, ambayo bado hufungwa usiku. Ile ya kwanza tuliipimia jioni, mkono ukiwa umejaa, ikaja kubwa.